TAHADHARI: Kiwanja "kimepimwa" Chanika, nimelizwa milioni sita

Ndugu zangu, naandika mikono inatetemeka. Mnaojua habari ya kiinua mgongo cha baba, hela ndiyo ile ile.

Jumamosi ile dalali alitupeleka mpaka kona ya kiwanja, pale kwenye mwembe, akachuchumaa, akafukua majani kwa mikono yake. "Bikoni hii hapa, dada." Ndiyo alama ya mpaka wa kiwanja: zege, nondo katikati, namba imechorwa. Nikaishika, saruji ikaniachia unga wa kijivu vidoleni, nikajifuta kwenye mtandio. Alisema ina miaka minne. Miaka minne, inaachia unga? Sikuwaza, maana alikuwa na ramani ndani ya bahasha, ina namba na barabara zote, na mwenye shamba alikuwepo, mzee wa barakashia, akatuombea dua tujenge salama. Mume wangu akaulizia hati. "Kimepimwa shemeji, hati iko kwenye mchakato." Tukaandikishana kwa mjumbe, tukatoa milioni sita taslimu.

Hilo "kimepimwa" ndilo lililonimaliza. Afisa ardhi kanieleza kwamba ile ramani ya kwenye bahasha ni rasimu ya mchoro wa mipango miji. Mchoro unapanga tu wapi makazi, wapi barabara. Kiwanja kimepimwa pale ramani ya upimaji inapoidhinishwa na wizara, na namba yangu haipo humo. Kwenye mchoro halali pale ni eneo la shule! Na tuliouziwa kona hiyo tumeshajikuta watatu.

Huyu dalali afungwe. Afungwe yeye na yule mzee aliyeinua mikono kumwomba Mungu juu ya hela za marehemu. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni jinai, asije mtu kuniambia tuyamalize kifamilia.

Dalili zilikuwepo. Hakutaka tupitie ofisi ya ardhi kwanza, alikataa kulipwa benki, alisema kuna mteja mwingine saa kumi. Mkiambiwa "kina ofa", itakeni barua ya toleo yenyewe, ile ya serikali ya kumpa mtu kiwanja kabla ya hati, muende nayo ofisi ya ardhi. Mkiambiwa kina hati, fanyeni upekuzi kwa Msajili wa Hati, muone kwenye kumbukumbu kimesajiliwa kwa jina la nani, kabla ya kutoa hata shilingi. Karatasi ya mauziano ya mjumbe si hati, na leseni ya makazi, ile ruhusa ya muda ya kukaa kwenye eneo, si hati.

Simu yake imezimwa tangu Jumanne. Aliyeuziwa pale kwenye mwembe anitafute, Jumatatu asubuhi tunaenda polisi pamoja.