Binti wa Ghent na gurudumu lenye pedali

Nimeimaliza juzi na hasira haijanitoka. Ni riwaya ya vijana: msichana wa miaka 13, mji wa Ghent (Ubelgiji ya leo), mwaka 1260. Katika sura ya tisa mwandishi anamkalisha binti kwenye kigoda, mguu juu ya pedali, anasokota sufu huku anaimba. Pedali! Gurudumu la kukanyaga lilikuja zaidi ya miaka 200 baadaye.

Enzi hizo wengi walisokotea kijiti kinachoning'inia na kuzunguka kama pia, kina kidude kizito cha duara chini, na sufu imefungwa kwenye fimbo iliyobanwa kwapani. Gurudumu lilikuwa geni, kubwa, la kuzungushwa kwa mkono. Msokotaji husimama, mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unavuta sufu huku akirudi nyuma hatua kwa hatua. Kisha anarudisha gurudumu kidogo na kusogea mbele, akiuviringa uzi. Kukaa hakuna.

Lingekuwa pambo tu ningelisamehe. Lakini hadithi nzima imeegemea hapo: peke yake, kwa siku mbili, binti anasokota uzi wa mtande, yaani nyuzi za urefu zinazotandwa kwanza, wa jora zima ili alipe deni la baba yake. Haiwezekani kabisa. Mfumaji mmoja alihitaji wasokotaji kadhaa wa kumlisha. Tena uzi wa gurudumu ulikuwa na unene usio sawa. Ukiutia kwenye mtande, unaokazwa na kusuguliwa kila mshindio (uzi wa kukatiza) unapopita, unakatika. Ndiyo maana mwaka 1298 chama cha mafundi nguo wa Speyer, mji wa Ujerumani, kiliruhusu uzi huo kwenye mshindio tu. Mhariri hakuuliza mtu?

Nilikuwa nimeshaamua: nyota moja. Halafu ikaja sura ya kumi na nne.

Baba anamwahidi binti kwa mzee anayeuza sufu ya Uingereza. Kwa sheria ya Kanisa msichana aliweza kuolewa tangu miaka 12, lakini kilichofunga ndoa ni ridhaa yake, si neno la baba. Mwandishi analijua hilo vizuri ajabu. Binti na mwanagenzi wa mtia rangi wanatamkiana nyuma ya ghala kwamba wameoana tangu saa hiyo, bila padri wala shahidi. Mtaguso wa Laterani wa 1215, mkutano mkuu wa Kanisa, ulikataza ndoa za siri na kudai zitangazwe kwanza, ila ikishatamkwa ilikuwa ndoa halali. Shida ni ushahidi: mmoja akikana, mwingine amekwisha. Na kijana anakana, mbele ya mahakama ya askofu wa Tournai, aliyesimamia Ghent. Kurasa zile nimezirudia mara tatu, na kila mara kifua kinanibana.

Basi nyota nne. Hapana, tatu, maana anayeandika mahakama kwa umakini ule hana udhuru wa pedali. Wakichapa tena, wamsimamishe huyo binti, wampe kijiti chake na wenzake watano, na zile siku mbili ziwe majuma.