Legacy Surveys Sky Viewer: Je, inawafaa wapekuzi wa galaksi Kisumu?

Tovuti hii ya ramani ya picha za anga haina malipo wala usajili, na masika yakifunga anga la Kisumu wiki nzima, kazi haisimami. Picha zilipigwa na darubini ya Blanco ya mita 4 kule Chile, pamoja na Bok (mita 2.3) na Mayall (mita 4) za Kitt Peak, Arizona.

Anza na kitu kinachojulikana ili jicho lizoee. Andika viwianishi vyake (namba za mahali kilipo angani), 145.27 34.73, kwenye kisanduku cha kutafutia. Utaiona galaksi IC 2497, na kusini yake wingu la gesi lisilo na umbo, Hanny's Voorwerp, lililogunduliwa mwaka 2007 na mwalimu Mholanzi, Hanny van Arkel, akiainisha picha za Galaxy Zoo, mradi wa mtandaoni ambamo watu wa kawaida hupanga galaksi kwa maumbo.

Uzuri wa tovuti hii uko kwenye tabaka la "Residuals". Hapo picha imeondolewa kila kilichoelezwa na modeli ya kompyuta, kikabaki kilichoishinda: mikia ya galaksi zilizogongana, au tao hafifu la lenzi ya mvutano, yaani mwanga wa galaksi ya mbali uliopindwa na mvutano wa galaksi iliyo mbele yake. Lakini usishangilie mapema. Mikono ya galaksi kubwa ya mzunguko (spiral) nayo hubaki, karibu kila mara.

Kinachowapoteza wengi ni rangi. Picha hupigwa kupitia filta, vichujio vya mwanga: filta g huonyeshwa kwa bluu, r kwa kijani, z kwa nyekundu, na kila moja hupigwa kwa wakati wake. Asteroidi ikipita huacha nukta za rangi mbalimbali, na mgeni hudhani ni galaksi za ajabu. Fungua ukurasa wa picha mojamoja za eneo hilo: kitu kikionekana katika picha moja tu, kiache. Pete kubwa hafifu karibu na nyota kali ni mwanga uliorudishwa na lenzi za kamera. Kilichovuka mtihani huo, peleka viwianishi vyake SIMBAD na NED, hifadhidata za vitu vya angani vinavyojulikana, kabla ya kumwambia mtu yeyote.

Bando nayo! Kila ukiburuta ramani, vigae vipya (vipande vya picha) hupakuliwa. Kama tayari una viwianishi, omba kipande tu kwa kiungo cha "jpeg-cutout", size=256 (pikseli kwa upande) na pixscale=0.262 (sekunde za digrii kwa pikseli), kinatosha eneo linalozidi kidogo dakika moja ya digrii. Kwenye simu, orodha ya matabaka inakula nusu ya kioo, kwa hiyo heri saiba. Na ukitaka kupima mwangaza, JPEG haifai hata kidogo: pakua FITS, faili lenye vipimo halisi vya mwanga.