Uzoefu wangu: mlango wa nyuma uliolegea na karakana ya wakala hapa Tabora

Gari lenyewe sina ugomvi nalo. Linavuta vizuri hata likiwa limejaa ndoo za asali, na anayetaka kujua ukubwa wa injini au ulaji wake wa mafuta atayapata maelezo hayo popote. Ninachotaka kueleza hapa ni jinsi nilivyopokelewa na karakana ya wakala aliyeniuzia, siku nilipowapelekea mlango wa nyuma, yaani ule wa buti, uliokuwa umelegea, kwa sababu tangu siku hiyo siwezi kupita mbele ya geti lao bila hasira kunipanda.

Mlango huo ulianza kugonga kiangazi kilichopita. Kwenye lami ya kutoka Tabora mjini hadi Sikonge ulikuwa unatulia kiasi kwamba abiria asingejua kitu, lakini ukishaiacha lami na kuingia barabara ya vumbi ya kwenda Kitunda, ambako ndiko ninakonunua asali, unaanza kupiga kwa mfululizo, na kila gari linaporuka ndivyo unavyozidi. Kelele ningezivumilia. Kilichonishinda ni vumbi, maana nilikuwa nikifungua buti nyumbani nakuta mifuniko ya ndoo imefunikwa na vumbi laini lililojipenyeza hadi kwenye mikunjo ya mifuniko, na mteja anayekuja kununua asali haulizi vumbi limeingiaje, anaangalia ndoo na kuondoka zake. Baadaye nikaanza kusikia harufu ya moshi ndani ya gari, hasa nikiwa nimefungua vioo vya mbele.

Harufu hiyo ndiyo iliyonitia hofu, na naomba mwenye gari la aina hii asiichukulie kwa wepesi. Gari linapokwenda, nyuma yake hubaki nafasi yenye msukumo mdogo wa hewa, na hapo ndipo vumbi na moshi wa ekzosi hujikusanya na kuvutwa ndani kupitia upenyo wowote wa mlango wa nyuma. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, kwa hiyo unachokinusa ni moshi mwingine tu ulioandamana nayo, na mtoto aliyelala kiti cha nyuma anaweza kuivuta safari nzima bila mtu yeyote kujua. Wajukuu zangu hupanda gari hilo.

Nilikwenda nikiwa na hati ya dhamana mkononi, kwa kuwa gari bado lilikuwa ndani ya muda wake. Kijana wa mapokezi hakuniamkia. Mimi ni mtu mzima, naweza kumzaa, na katika mji huu hata mtoto wa kuchunga mbuzi anajua kutoa shikamoo kabla ya neno lingine lolote. Huyu aliniuliza huku macho yake yakiwa kwenye simu, "Mama, mlango unafungika, haufungiki?" Nikamjibu kwamba unafungika, ila unacheza, na vumbi linaingia. Akasema, "Kama unafungika, basi ni mzima." Nilipomweleza habari ya moshi, alimgeukia mwenzake na kusema, nami nimesimama palepale, "Hawa wa asali wanayafanya magari kuwa malori, halafu wanatuletea sisi."

Maneno hayo bado yananichoma. Asali ndiyo iliyolinunua gari hilo, tena kwao, na siku walipokuwa wakipokea fedha zangu hakuna aliyeniuliza zimetoka kwenye mizinga au wapi.

Walilichukua gari asubuhi, wakalirudisha alasiri likiwa limeoshwa, na karatasi iliyosema kwamba kelele hazikusikika na kwamba mlango uko katika hali ya kawaida kwa gari la aina hiyo. Wangezisikia wapi? Walilizungusha ndani ya uwanja wao uliotandikwa matofali. Nilimwomba msimamizi anipe fundi mmoja tupande wote hadi kwenye barabara yoyote ya vumbi, hata hizi za Ipuli zinatosha, akanijibu kwamba utaratibu hauruhusu. Kisha nikadaiwa shilingi 45,000 za ukaguzi, kwa maelezo kwamba dhamana inalipia ubovu, na kwa kuwa ubovu haukuonekana, ukaguzi unakuwa juu ya mteja. Yaani wasipouona ubovu, mimi ndiye ninayelipia kutouona kwao.

Nililipa, maana bila kulipa gari lisingetoka getini, na kesho yake nikaenda kwa fundi mmoja wa Cheyo anayefanya kazi chini ya mwembe. Alinisalimu, akaniuliza kelele zinaanzia barabara ya namna gani, kisha akachana gazeti vipande virefu vyembamba. Aliweka kipande kimoja juu ya raba inayozunguka mlango, akafunga, akakivuta polepole. Upande wa kushoto karatasi ilikaza hadi ikachanika. Upande wa kulia ilitoka bila kushikwa na kitu. Alirudia pembe zote huku akiniambia nivute mwenyewe nione, nami niliona wazi kwamba raba ya upande wa kulia ilikuwa haibanwi kabisa.

Baada ya hapo alinionyesha kile kipande cha chuma kilichopinda mfano wa herufi U kwenye ukingo wa chini wa buti, ambacho loki ya mlango hukidaka unapofunga. Kimeshikwa na bolti mbili, na matundu yake yameachwa mapana makusudi ili kiweze kusogezwa. Bolti zilikuwa zimelegea, na pembeni mwa chuma palikuwa na mstari unaong'aa, mahali rangi ilipolika kwa kusuguliwa, kuonyesha kilikuwa kinahama hapo kwa muda mrefu. Alikisogeza ndani kidogo, akakaza. Halafu akazishika zile raba mbili fupi zilizo kwenye pembe za mlango, ambazo huzungushwa kwa mkono kama mfuniko wa chupa, akaitoa nje zaidi ile ya kulia hadi mlango ukaegemea pande zote mbili sawasawa. Akapima tena kwa gazeti, karatasi ikakaza kote. Chai ya maziwa niliyokuwa nimeagiza kwa mama lishe wa jirani ilikuwa bado ya moto. Alitaka 10,000, nikamwongezea.

Haki isemwe, mafundi wa ndani pale kwa wakala si wabaya. Wamenibadilishia oili na breki bila kasoro, na mmoja wao, aliponiona nimekaa kwenye benchi siku ile, aliniletea maji ya kunywa na kuniita mama kwa heshima. Kama mapokezi pangekuwa na mtu anayesikiliza, pengine fundi huyo huyo angeziona bolti zile mara moja, na leo ningekuwa naandika sifa. Nilikusudia kuishia hapo na kusema karakana ni ya wastani. Lakini siwezi, kwa sababu ule mstari unaong'aa ulikuwa unaonekana kwa macho ya mtu yeyote anayeinama, na kama hakuna aliyeinama, basi ukaguzi niliolipia haukufanyika, na karatasi waliyoisaini si ya kweli. Simshauri mtu kupeleka gari lake pale.

Nimewaandikia barua ya kudai 45,000 zangu pamoja na maelezo ya maandishi kuhusu ukaguzi huo, na nimeitaja Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inamlinda mlaji dhidi ya upotoshaji. Wasiponijibu, malalamiko yatakwenda kwenye Tume ya Ushindani, nakala ya karatasi yao ikiwa juu na picha ya bolti ikiwa chini yake. Kinachoniuma ni kwamba dhamana inanitaka matengenezo ya kawaida yafanyike kwao, kwa hiyo kabla ya mvua kuanza nitalazimika kuingia geti lile tena. Safari hii sitakaa kwenye benchi. Nitasimama kando ya gari mpaka fundi amalize, na nitabeba gazeti.