Unga wa Maganda ya Siliamu: Kazi Unaifanya, Kopo Linatia Chumvi

Unga huu wa nyuzinyuzi una kiambato kimoja tu: maganda ya mbegu za siliamu, mmea ambao wataalamu huuita Plantago ovata, yaliyosagwa bila kutiwa sukari wala ladha. Hilo peke yake linatosha kuutanguliza mbele ya wenzake wengi, ambao ukisoma orodha ya viambato unakuta sukari imetajwa kabla ya nyuzinyuzi zenyewe.

Ukiukoroga katika glasi ya maji, mwanzoni unaelea juu kama vumbi la mbao, kisha unaanza kunyonya maji na kuvimba, na ukichelewa kuunywa utakuta rojo zito ambalo asiyependa vitu vya utelezi atalimeza kwa taabu. Rojo hilo ndilo dawa yenyewe. Bakteria wa utumbo mpana hawalichachushi sana, hivyo hubaki na maji yake hadi mwisho, likalainisha choo kigumu na, jambo ambalo wengi hawalitarajii, likakipa umbo choo chepesi. Zaidi ya hayo, hunasa asidi za nyongo na kutoka nazo, na ini hulazimika kuchota kolesteroli kwenye damu ili litengeneze asidi nyingine za nyongo. Kwangu mimi, niliyeanza na nusu kijiko na kuongeza polepole, choo kililainika mapema na gesi haikunisumbua.

Lawama yangu ni juu ya kopo. Onyo la kunywa unga huu kwa glasi nzima ya maji limechapishwa nyuma, kwa herufi ndogo mno, ilhali ukimezwa na maji machache unaweza kuvimba kooni na kumpalia mtu, na mwenye shida ya kumeza au aliyepata kuziba utumbo hapaswi kuugusa bila kumwuliza daktari. Wala hakuna popote palipoandikwa kwamba dawa nyingine zinywewe kwa kupishana nao kama saa mbili, kwa kuwa rojo huweza kuchelewesha kufyonzwa kwa dawa hizo.

Upande wa mbele, kwa herufi kubwa, tunaambiwa kwamba kijiko kimoja kinachukua nafasi ya mboga na matunda. Si kweli. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, tena zile zilizomo katika chakula chenyewe, na kijiko hiki hutoa kama gramu 4 tu. Isitoshe, sifa ileile ya kutochachuka inaunyima unga huu kazi ambayo maharage na nafaka zisizokobolewa huifanya vizuri, yaani kuwalisha bakteria wanaotengeneza asidi zinazolisha ukuta wa utumbo. Anayetaabika kwa kukosa choo, au aliyeshauriwa na daktari wake kuhusu kolesteroli, anunue bila wasiwasi, mradi achote kwa kijiko kikavu, maana unyevu kidogo tu hugandisha unga wote uliobaki.