Kabati la mataulo la mninga, Tabora

Jamani kama uko Tabora na mataulo yako bado yanalala kwenye beseni, nenda kwa mafundi seremala wakuchongee kabati, mi langu la mninga, mbao ngumu hiyo mchwa hawaichezei ovyo. Fundi kaacha matundu kule mgongoni hewa ipite, yani hapo ndo kanifurahisha mno maana mvua zikianza Novemba shuka zilikuwa zinanuka uvundo hata ukizikunja kavu kabisa. Sasa kila seti ya shuka naikunja naitia ndani ya foronya yake, unachomoa moja tu hufukunyui. Dawa ya choo shelfu ya juu, watoto wasifikie. Bawaba ndo nyepesi, mlango ushaanza kushuka, waweke nzito. Bei inaongeleka.