Amélie: tenda wema, halafu uende zako wapi?

Habari zenu wapendwa watazamaji, karibuni tena. Leo nina filamu ya Kifaransa, na najua wapo ambao wakisikia Kifaransa tu, kidole kishaenda kubonyeza kitu kingine. Naomba msiondoke. Filamu hii nimeiangalia mara nne, mara ya mwisho ni juzi usiku, na kuna jambo juu yake limenikaa kifuani.

Inaitwa Amélie. Kwao Ufaransa jina lake ni refu, Le Fabuleux Destin d'Amélie Poulain, na ilitoka mwaka 2001. Mwongozaji ni Jean-Pierre Jeunet. Amélie mwenyewe ni Audrey Tautou, dada mwembamba, nywele fupi, macho makubwa ambayo kamera haichoki kuyafuata. Ina saa mbili na kidogo.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya video ambako DJ anakusimulia filamu, tunaizoea upesi, kwa sababu filamu hii ina msimuliaji. Tangu mwanzo kuna sauti inakueleza huyu ni nani, anapenda nini, kinamkera nini, haraka haraka, kama ya mtu anayemjua kila mkazi wa mtaa. Amélie, kwa mfano, anapenda kutumbukiza mkono kwenye gunia la nafaka wakati mwenye gunia haangalii. Wewe uliyewahi kupita sokoni kwenye magunia ya choroko unajua ninachosema: ule ubaridi, zile punje zinavyoteleza katikati ya vidole. Nilipoona hapo nikasema, huyu namjua.

Utoto wake ni wa upweke. Baba yake ni daktari, mtu mkavu, hamkumbatii mwanawe. Anamgusa pale tu anapompima. Sasa mtoto akiguswa na baba yake, moyo unamwenda mbio kwa furaha, na baba anahitimisha kwamba mtoto ana ugonjwa wa moyo! Basi shule haendi, anafundishwa nyumbani na mama, marafiki hana. Kisha mama anafariki. Filamu inalisimulia hili kwa uchangamfu, unacheka, halafu baada ya dakika kumi ndipo linakuuma.

Amekua, ni mhudumu wa mkahawa Montmartre, kile kilima cha Paris chenye kanisa jeupe la Sacré-Cœur juu yake. Mkahawa wenyewe ni wa kweli, Café des Deux Moulins, uko mtaa wa rue Lepic. Mwisho wa Agosti 1997, Amélie yuko nyumbani kwake, televisheni inatangaza kifo cha Princess Diana. Kifuniko cha chupa kinamponyoka Amélie mkononi, kinabingirika, kinagonga kigae cha ukutani. Nyuma ya kigae kuna kijisanduku cha bati, ndani yake vitu vya kuchezea vya mtoto aliyeishi humo miaka arobaini nyuma. Anajiapiza: nitamtafuta mwenyewe, na akiguswa, kuanzia hapo nitakuwa mtu wa kutengeneza maisha ya wengine.

Tukio linalofuata nalitazama kila mara kama mara ya kwanza. Mwenye sanduku anaitwa Bretodeau, sasa ni mtu mzima wa makamo. Anapita barabarani, simu ya kibandani inalia. Anaingia, anainua mkono wa simu, kimya. Anataka kutoka, analiona sanduku. Analifungua taratibu, na siku zile zote zinamrudia kwa mkupuo. Anakumbuka siku aliyowashinda wenzake gololi zote, mifuko ikamjaa mpaka ikapasuka, gololi zikatapakaa uwanjani huku kengele ya shule ikilia. Jitu zima linalia ndani ya kibanda cha simu.

Anakwenda kunywa kitu ajitulize, na aliyekaa jirani yake kaunta ni Amélie. Bretodeau anamwambia mtu asiyemjua kwamba ana binti ambaye hawajaonana miaka mingi, na sasa ni wakati amtafute kabla yeye mwenyewe hajaingia sandukuni. Amélie anasikiliza. Hasemi neno.

Wahenga wetu walisema tenda wema uende zako, usingoje shukrani. Amélie anaufuata usemi huo kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona kwenye filamu. Na hapo ndipo filamu iliponishika, kwa sababu inauliza swali ambalo sikuwahi kuwauliza wahenga: uende zako wapi? Yeye akimaliza kutenda wema anarudi chumbani kwake, peke yake. Wema wake umekuwa mahali pa kujificha. Anaingia kwenye maisha ya kila mtu ili asiingie kwenye ya kwake.

Kuna mzee asiyeona, amesimama ukingoni mwa barabara na fimbo yake. Amélie anamshika mkono, anamvusha, ila hamwachi hapo. Anakwenda naye mwendo wa haraka, akimweleza kila kitu wanachopita: mume wa mwenye duka la maua anacheka mpaka makunyanzi yanamjaa machoni, bei ya jibini leo ni hii, kuna mtoto anamwangalia mbwa, na mbwa anaangalia kuku wanaobanikwa. Anamfikisha kwenye ngazi za metro, treni ya chini ya ardhi, na kutoweka. Mzee anabaki amesimama, uso juu, anang'aa. Mimi nimewahi kumvusha mtu asiyeona pale mjini. Nilisema "haya, tumefika" nikaondoka. Tangu nione tukio hili najua kuna zaidi ya kumvusha mtu.

Si kila alichofanya nakikubali. Yupo mama anayetunza jengo lao, mume alimkimbia na mwanamke mwingine kisha akafa. Amélie anaziiba barua za zamani za yule mume, anazitoa nakala, anakatakata maneno, anayaunga upya kuwa barua ya mapenzi ya uongo, kisha anaichovya kwenye chai ili ionekane ya zamani. Yule mama anafurahi, uso unamchanua. Mimi ninakereka. Umemponya, au umemfungia ndani ya uongo kwa maisha yake yote? Filamu inapita haraka hapo, na nadhani ilipaswa kusimama.

Mwenye genge la mboga anayemnyanyasa msaidizi wake naye anakiona cha moto. Anabadilishiwa krimu ya miguu mahali pa dawa ya meno. Hapo nacheka bila hatia yoyote.

Lawama kubwa ni hii. Kule kule wilaya ya 18 ya Paris iliko Montmartre, ukishuka kilima unakuta Château Rouge, soko la Waafrika, mihogo na samaki wakavu na vitenge. Kwenye filamu hao watu karibu hawapo. Hata Jamel Debbouze, mtoto wa wazazi kutoka Morocco, anayecheza yule msaidizi wa genge, kapewa jina la Kifaransa, Lucien. Ufaransa kwenyewe lilisemwa ilipotoka, na waliosema walikuwa na haki. Filamu inayohubiri kumwona mgeni ilipaswa kuwaona na majirani.

Rangi ni kijani, nyekundu na njano iliyoiva, kila picha unatamani kuitundika ukutani. Muziki wa Yann Tiersen, piano na akodiani, utakufuata wiki nzima. Ilipata tuzo nne za César, tuzo kuu za filamu za Ufaransa, ikiwemo filamu bora. Lakini wazazi, msiweke sebuleni watoto wakiwepo, ina matukio ya chumbani. Ndugu zangu wa Lubumbashi na Bukavu mnaosikia Kifaransa, nawaonea wivu. Sisi wengine ni kusoma maandishi chini, na msimuliaji hangoji mtu.

Sasa mapenzi. Nino, amecheza Mathieu Kassovitz, anaokota picha za paspoti saizi zilizochanwa na kutupwa, anaziunga na kuzibandika kwenye albamu. Amélie anampenda. Anampangia mishale ya kufuata mpaka juu kule Sacré-Cœur, halafu anakimbia. Kijana anamfuata hadi mkahawani, anamwonyesha picha: ni wewe huyu? Amélie anatikisa kichwa, siyo mimi. Niliinuka kwenye kiti!

Anayemsoma ni jirani yake, mzee ambaye mifupa yake huvunjika kama glasi, hivyo hatoki nje. Kila mwaka anachora upya mchoro uleule wa mchoraji Renoir wa mwaka 1881, na kila mwaka uso wa msichana mwenye glasi ya maji unamshinda. Wanamzungumzia huyo msichana, na wote wawili wanajua anayezungumzwa ni nani.

Mkifika mwishoni, wekeni simu pembeni. Amélie yuko jikoni anatengeneza keki, anawaza kwamba Nino anaingia nyuma yake. Pazia la shanga linatikisika. Anageuka. Ni paka. Machozi yanamtoka, na hapo hapo kengele ya mlango inalia.

Mengine siwaambii.