Kahawa ya Ujiji na migebuka ya Kibirizi: uzoefu wangu wa mwambao wa Kigoma

Nianze na Ujiji, mji mkongwe ulio pembeni ya Kigoma, kwa sababu ndiko nilikokunywa kahawa iliyonifanya niandike haya.

Ilikuwa baada ya swala ya alasiri. Nilikuwa nimetoka kumjulia hali mgonjwa, nakata mtaa kuelekea kituo cha daladala, nikasikia vikombe vinagongana: kach, kach, kach. Mtu aliyekulia Tanga haulizi mlio ule ni wa nini. Nikaufuata hadi chini ya mwembe. Nikakuta mabenchi mawili ya mbao, wazee sita au saba, bao liko katikati, na muuza kahawa amechutama kando ya birika lake lililokaa juu ya jiko dogo la mkaa. Nikasema, "Shikamooni wazee wangu." Wakaitikia kwa pamoja. Mmoja akasogea, akapangusa benchi kwa kiganja: "Karibu binti, kaa."

Nalisimulia hili la kukaribishwa kwa makusudi. Vijiwe vya kahawa vimezoeleka kuwa vya wanaume, pwani hata huku, na dada zangu wengi wanapita wakitamani harufu tu. Mimi nimeshakaa pale mara nyingi, wakati mwingine peke yangu, na sijawahi kutazamwa kwa jicho baya. Salimia kwanza, jitande mtandio wako, kaa. Wazee wakimaliza kubishana kuhusu mpira watakuuliza umetoka wapi na kwenu ni kina nani, na ukishajibu umekuwa mtoto wa nyumbani.

Sasa kahawa yenyewe. Vikombe ni vile vidogo visivyo na mkono. Muuza anamimina matone mawili, anazungusha kikombe kipate joto, anayamwaga mchangani, ndipo anamimina yako: anainua birika juu kadiri ya shibiri mbili, uzi mweusi unashuka bila tone kuanguka pembeni. Ni kahawa chungu, imechemshwa na tangawizi, haina sukari. Sukari iko kwenye kashata ya karanga unayoshika mkono wa pili. Unauma kidogo, unanywa kidogo. Utamu unayeyukia ndani ya uchungu, halafu tangawizi inakuja nyuma, inapasha koo joto. Nilikunywa vikombe vitatu vya shilingi 200, nikala kashata mbili za shilingi 100, nikatoa noti ya 1,000, na chenji ikarudi.

Nikamuuliza, "Baba, kahawa hii unaitoa wapi?"

"Kalinzi, mwanangu. Nakaanga mwenyewe, natwanga mwenyewe."

Kwa asiyejua, Kalinzi iko juu milimani, kaskazini ya mji, njia ya kwenda Manyovu. Kule ni baridi, migomba na mibuni inaota pamoja, na kahawa yao ni arabika. Sehemu kubwa inauzwa nje. Huko Marekani kahawa hii iliwahi kuuzwa kwenye mifuko yenye jina la Gombe, ile hifadhi ya sokwe iliyo jirani. Maana yake ni kwamba kahawa inayosafirishwa hadi ng'ambo, sisi tuko nayo hapahapa, mwendo wa daladala.

Ndiyo maana yaliyonikuta mjini yaliniuma. Nilipokea mgeni kutoka Dodoma, nikataka afurahie, nikampeleka kwenye mgahawa mmoja wa ufukweni, wenye viti vizuri na vitambaa vyeupe mezani. Jina sitalitaja. Tuliagiza kahawa mbili na kuhe wa kuchoma, samaki wa ziwa hili. Kahawa ikaja kama kopo la unga, kijiko, na chupa ya maji ya moto. Nikamwuliza mhudumu kwa upole, "Dada, hakuna kahawa ya hapa, ya Kalinzi?" Akaniangalia kwa huruma kabisa, akasema, "Wageni hawaipendi, dada. Hii ndiyo ya kisasa." Samaki alichukua saa moja na nusu. Alipofika, nyama ilikuwa imejaa maji na inasambaratika, dalili ya samaki aliyekaa kwenye friji siku nyingi, huku ziwa liko hatua ishirini kutoka pale tulipokaa. Bili ilikuja 46,000 kwa watu wawili. Mgeni wangu hakulalamika, ila nilimwona anamsogezasogeza samaki kwa uma.

Yule dada simlaumu. Anasema alichofundishwa. Ninaowalalamikia ni wenye migahawa. Mtu aliyepanda treni Dar es Salaam akashuka Kigoma amesafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli hadi mwisho wake. Hakuja kunywa kahawa ya kopo ambayo angeipata popote alipotoka. Kuchemsha kahawa ya kweli kunahitaji sufuria, mkaa na dakika kumi. Kama hoteli yako inaangalia Ziwa Tanganyika na milima ya Kongo inaonekana ng'ambo, umeshapewa nusu ya kazi bure. Nusu iliyobaki ni kikombe na sahani.

Siku ya pili nilimchukua mgeni saa kumi na mbili asubuhi, nikampeleka Kibirizi.

Kibirizi ndiko mwalo wa dagaa ulipo, na ndiko boti za kwenda vijiji vya kaskazini na Gombe zinakoondokea. Ukifika alfajiri unakuta mitumbwi inarudi. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa: mwanga unawavuta juu, wavu unawainua. Kwa hiyo usiku wa mbalamwezi kali taa hazifui dafu, na wavuvi wengi wanabaki nchi kavu. Hili mpangaji wa safari alijue. Ukija mwezi ukiwa mkubwa, dagaa wabichi ni wa kubahatisha na bei inapanda. Na kuna miezi ya kufungwa kwa ziwa ili samaki wazaliane. Mwaka 2024 lilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, na kipindi kile kina mama wa vibanda walikuwa wanapika maharage na dagaa wakavu waliowekwa akiba. Uliza kwanza kabla hujakata tiketi.

Kibanda ninachokwenda ni cha mama mmoja ambaye nimemzoea kwa salamu ya Kiha, "Mwakeye, mama", kabla ya kitu kingine chochote. Kaniruhusu nikae upande wa jikoni, kwa hiyo nimeona anavyofanya. Anachukua migebuka, samaki wa ziwani humu, ya asubuhi ile, bado magamba yanang'aa, anaipasua mgongoni, anaikata mistari midogomidogo ya mshazari kila upande, anapaka chumvi na ndimu, anaiacha. Kisha anaweka mawese kwenye karai. Hapa ndipo wageni wanapokosea wakijaribu nyumbani. Mawese hayawekwi samaki yakiwa bado mekundu na mazito. Anayaacha yapate moto hadi ile harufu ya ubichi itoke na rangi ianze kupauka, ndipo mgebuka unaingia, na unalia. Ngozi inakauka kama karatasi, ndani nyama inabaki nyeupe na laini, na zile alama za kisu zinakuwa zimeingia chumvi hadi kwenye mfupa.

Unapewa na ugali wa muhogo, ule unaovutika, pamoja na sombe, ndilo jina la kisamvu huku, nayo imepikwa kwa mawese. Pilipili iko pembeni kwenye kisahani. Kula kwa mkono. Ugali wa muhogo hauendani na uma, unanata. Mgeni wangu wa Dodoma, aliyezoea ugali wa mahindi na uwele, alianza kwa wasiwasi, akamega kidogo, akachovya kwenye mchuzi wa dagaa wabichi wa nyanya, akanyamaza. Kisha akaomba sahani ya pili. Tulikula watu wawili, migebuka miwili mikubwa, dagaa, ugali na sombe, tukalipa 13,000.

Kasoro za Kibirizi nizitaje, maana nataka uende ukiwa unajua. Mvua ikinyesha ni tope tupu, na miaka ya karibuni maji ya ziwa yalipanda yakala sehemu ya ufukwe, watu wakabanana. Harufu ya dagaa wanaoanikwa ni kali, na ukivaa nguo nzuri utaondoka nayo. Viti ni vya plastiki, vingine vimefungwa kwa waya. Choo nenda kabla hujatoka nyumbani. Lakini samaki aliyetoka majini saa mbili zilizopita, kapikwa na mtu anayejua, sijui unamlinganisha na nini.

Kwa upande wa vijiwe vya kahawa, kasoro kubwa ni usafi wa vikombe. Yule baba wa chini ya mwembe ana ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, na nimemwona kwa macho yangu akimwaga maji na kujaza upya kabla hayajachafuka. Kijiwe kingine nilichopita, karibu na stendi, kilikuwa na ndoo moja tu, na maji yake yalishakuwa rangi ya chai. Niliaga kwa heshima nikaondoka. Angalia ndoo kabla ya kuangalia birika.

Pale Mwanga, hapahapa mjini Kigoma, kuna hoteli ndogo nyingi za supu na chapati asubuhi, chai ya maziwa ya tangawizi, vitumbua. Ni nzuri, zinashibisha, huna haja ya kuelekezwa, fuata bodaboda zilizopaki nyingi. Ukitaka kutazama jua likizama nyuma ya milima ya Kongo, nenda sehemu yoyote ya ufukweni, agiza soda baridi, lipia mandhari. Mandhari ni ya haki kabisa. Chakula kule muulize kwanza mhudumu samaki kavuliwa lini, na ukiona anasita, kunywa soda yako uende.

Ujiji nina neno moja zaidi. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora ilikuja kuishia pale ziwani, na pale ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Watalii wanakwenda kuona mnara na makumbusho, wanapiga picha, wanarudi kwenye gari. Mimi ninapokaa kwenye lile benchi nasikia jambo jingine: salamu ni za kwetu, bao ni la kwetu, kashata ni ileile aliyokuwa akinikatia bibi yangu. Watu wa pwani waliokuja na misafara walibaki, wakaoana na watu wa huku na watu kutoka ng'ambo ya Kongo, na naamini hata kahawa ya kijiweni ilifika kwa miguu kwa njia ileile. Nikiwa na hamu ya nyumbani, naipunguzia pale kwa shilingi 200. Ukitoka kwenye mnara tembea kidogo, sikiliza vikombe.

Kibirizi kulikuwa hakuna kahawa, chai tu. Mwezi uliopita nilimwomba baba wa mwembeni anitwangie nusu kilo, nikampelekea mama wa kibandani, nikamwambia, "Mama, hebu wachemshie wavuvi, wanarudi na baridi." Akasema atajaribu. Wiki ya kwanza aliniambia hawaitaki bila sukari, wanataka vijiko vitatu. Nikamwambia awape, kahawa ni yao. Jumamosi iliyopita nilifika saa moja kasoro, sufuria ilikuwa imeshainamishwa. Nikapata kikombe cha mwisho, kizito, machicha yamejaa chini, nikakinywa nimesimama huku mtumbwi ukishusha dagaa.